Fisi Aliyeombwa Kuonja Chumvi

Paukwa!
Pakawa, na chungu kikafunikwa!
Kafunika nani?
Mwenye njaa, asikione!

Hapo kale, jamani, tumbo langu lilipokuwa bado halijaanza kunitangulia mlangoni, palikuwa na Fisi. Mnene! Akitembea ardhi inaitika: ndi! ndi! ndi! Jirani yake alikuwa Pimbi, mjane mdogo aliyeishi na watoto watatu ndani ya ufa wa jabali.

Kila siku Fisi alijaribu ule ufa. Kichwa kinapita, mabega yanapita, tumbo linagoma.

"Nyie vitoto!" akasema. "Leo naanza kujinyima. Siku ya saba napita, nawala nyie na mama yenu!"

Watoto wakalia. Pimbi hakulia. Akawasha moto.

Siku ya kwanza Fisi akapita akitafuna majani, uso umemkunjamana. Akasikia toko-toko, toko-toko! Chungu cha maharage ya nazi kimetegwa mlangoni, Pimbi mwenyewe kajificha ndani kabisa.

"Karibu, Mjomba!"

"Sili! Najinyima, nije nikule wewe."

"Najua, Mjomba. Ndiyo maana nataka vyakula vyangu vya mwisho vikolee. Ila nimefunga, siwezi kuonja. Nionjee chumvi tu."

Fisi akawaza. Kuonja siyo kula, nani asiyejua? Akachota upawa mmoja. Fyuu!

"Mh, sijaipata vizuri." Fyuu! "Upande huu imekolea, upande ule sina hakika." Fyuu! Fyuu! Mpaka upawa ukakwaruza chini: kwaru, kwaru.

"Chumvi imetosha, Mjomba?"

"Chumvi imetosha. Maharage ndiyo yamepungua."

Siku ya pili, pilau. "Nionjee chumvi, Mjomba." Fyuu! Kwaru, kwaru. Siku ya tatu, ndizi na nyama. Fyuu! Kwaru, kwaru. Ikawa hivyo hadi siku ya sita. Na kila jioni Fisi alijilaza akijisifu: "Leo nimejinyima kweli! Hata sahani sijashika!"

Siku ya saba, huyo! Mbio! Kichwa ndani, mabega ndani, tumbo... pwaa! Kakwama. Mbele haendi, nyuma harudi. Meno yanagonga tak! tak! shubiri moja tu kutoka pua ya kitindamimba.

Pimbi akabeba wanawe, akapenya tundu la nyuma. Kabla hajatoka akaweka chungu cha mchuzi, mbali kidogo na ulimi wa Fisi.

"Mjomba, tunahama. Nionjee chumvi."

Siku tano Fisi alinusa. Ya sita akawa mwembamba kama mpini wa jembe, akapita, chwaa! hadi ndani. Hapana Pimbi, hapana mtoto. Chungu kipo. Akaonja. Akaonja tena. Kwaru, kwaru. Alipogeuka atoke, tumbo likagoma.

Funzo, ndugu zangu: kujinyima ni hatari! Mnaona yaliyompata Fisi? Mimi nimejinyima Tanga, nimejinyima Kigoma, nimejinyima hadi Bujumbura, na kote huko nimeacha suruali zisizonitosha.

Hadithi yangu naiepua hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa haijakolea, nirudishieni. Na wewe shemeji mwenye sinia, usinipite! Sili. Naonja tu.