Kalamu ya Mhandisi Kibasa

"Mto haumsubiri mwenye kalamu nzito." Mmeisikia leo kwa fundi mkuu, mkacheka, na sasa mnaniuliza imetoka wapi. Imetoka hapa hapa kituoni, na hadi leo nikiisimulia damu hunichemka. Ilianza hivi, na asinikatize mtu.

Miaka hiyo nilikuwa fundi wa kompyuta peke yangu katika kituo hiki cha kupima maji ya Mto Mbawe. Kompyuta yetu ilikuwa kuukuu, kumbukumbu yake haba; unaiandikia amri kwenye skrini nyeusi, inatii. Kazi yake ilikuwa moja. Maji yakifika kimo kilichoandikwa ndani ya faili lake, inapiga king'ora, kisichopigika kwa mkono, na watu wa Mikwambe, kijiji cha hapa bondeni, wanakimbilia mlimani. Kubadili kimo hicho kulihitaji programu ya kuhariri maandishi, ambayo sisi mafundi tuliiita kalamu. Yangu ilikuwa ndogo, haina rangi wala madoido, lakini ukiiita inaitika papo hapo.

Kisha Mhandisi Kibasa wa makao makuu akatuita mkutanoni mafundi wa vituo vyote. Akatuonyesha kalamu aliyotuchagulia, ndani ya kompyuta yake mpya: rangi tele, na maneno inakumalizia yenyewe. Tukapiga makofi. Watu wazima, wenye mvi za kazi, hakuna aliyeuliza kama imejaribiwa kwenye mashine za vituoni! Ikatoka barua: kalamu moja kwa vituo vyote, nyingine zifutwe. Nikarudi nikaifuta yangu.

Masika yaliyofuata, mchana mmoja, wapimaji wa juu ya mto wakanipigia. Ukingo ulikuwa umebomoka, na maji yangeingia kijijini yakiwa mita nne tu. Faili lilisema sita. "Shusha kimo, mama, upesi!"

Nikaiita kalamu ya mkubwa. Skrini ikasema inapakia viongezi, yaani yale madoido yake yote. Ikapakia, ikapakia, kisha mashine nzima ikaganda. Nikampigia Kibasa.

"Mhandisi, kalamu yako imeigandisha mashine. Niizime niirudishe ile ndogo."

"Bi. Tabia, utaratibu tulishakubaliana. Vuta subira, itafunguka."

"Maji hayana subira, baba!"

"Usizime. Ukizima, utajibu mwenyewe."

Nikasubiri dakika ishirini. Hatimaye nikaichomoa kwenye umeme, nikaiwasha upya, na ilipokuwa bado inaamka nikayaona maji dirishani yakivuka barabara. Nikanyakua sufuria na mwiko, nikakimbia mtaani nikipiga na kupayuka. Wengi walitoka. Nyumba za mwisho sikuzifikia. Huko alikuwa amelala Bi. Mwatuka, mgonjwa wa homa, na mumewe Mzee Likwawa alikuwa ameenda kumtafutia dawa.

Baada ya mazishi ya Bi. Mwatuka, Kibasa alikuja na viatu vyake visafi, akasimama mbele ya wafiwa.

"Mvua ilikuwa kubwa kupita kiasi," alisema. "Na programu, kwa taarifa yenu, ilikuwa inaendelea kufunguka."

Mzee Likwawa akainuka taratibu. Sijawahi kuona hasira iliyotulia namna ile.

"Mwanangu, hiyo kalamu uliichagua wewe, ukiwa umekaa pakavu. Mke wangu hakuulizwa. Basi ishike sana hii: mto haumsubiri mwenye kalamu nzito."

Maneno yale yakapita kituo hadi kituo, na leo wanayasema hata wasioujua Mbawe.

Kibasa nimemchukia miaka yote, na sijutii. Lakini aliyeifuta kalamu ndogo kwa mkono wake, akiijua mashine yake fika, ni mimi. Aliyekaa dakika ishirini akiogopa barua ya onyo, watu wakiwa bondeni, ni mimi. Mzee Likwawa analijua hilo; nilimweleza yote pale msibani. Tukikutana gulioni huniuliza hali, huniombea afya, na salamu zake huniuma kuliko matusi.

Hamcheki tena? Haya, nendeni mkachague kalamu zenu. Chagueni mkiwa mmekaa mbele ya mashine mtakayoitumia siku mbaya, na atakayewakataza, mkatalieni hapo hapo. Mto haumsubiri mwenye kalamu nzito.