Kibuyu cha Bi Kanga na Kilio cha Bweha

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa tena, yule pale amekwisha kusinzia!

Pakawa! Ameamka!

Basi sogezeni kuni, sogezeni na masikio. Hadithi inapita, aliye njiani aipishe, aliye mlangoni aikaribishe.

Hapo kale, kale ya wanyama kushika jembe, palikuwa na kijiji kiitwacho Bondeni. Huko aliishi Bi Kanga, yule ndege mwenye madoadoa, mjane, mama wa vifaranga saba. Mumewe alichukuliwa na mto.

Watu wa Bondeni walikuwa na ada moja. Ukifikwa na msiba, jirani hukuletea chakula katika chombo chake, na chombo hicho hukirudishi kitupu. Una unga, tia unga. Una chumvi, tia chumvi. Huna kitu, chuma jani, tia jani. Jani likifika, jirani hujua kwamba chakula kimeliwa na mwenzake yu hai. Bi Kanga alipofiwa alirudisha majani matatu kwa nyumba tatu, na fadhila ile hakuisahau.

Mwaka mmoja jua likawaka, likawaka, likawaka. Ghala zikapungua. Ndipo akaja Bweha, vumbi mpaka masikioni, mkoba begani, machozi tiriri. Akapanda juu ya kichuguu, akaimba:

*Toeni, toeni, wenye huruma,*
*Yatima wa mlima hawana mama,*
*Toeni upesi, msitazame nyuma!*

“Kuna nini, Bweha?” wakamuuliza.

“Mlima Kijivu umeungua! Wakubwa wamekwisha, wamebaki yatima!”

Bi Kanga alisikia neno yatima, akawatazama wanawe saba. Akakimbilia bakuli.

“Bakuli zito, mama,” Bweha akasema, “na yatima wanakata roho. Mimina humu humu mkobani.”

Akamimina nusu ya mtama wake. Majirani nao wakamimina. Bweha akaenda zake.

Siku saba zikapita, Bweha akarudi. Machozi yale yale, wimbo ule ule. Safari hii Mzee Nungunungu, jirani yake Bi Kanga, akakohoa. “Mlima si ule pale? Mbona moshi siuoni?”

“Mchoyo hakosi sababu!” kijiji kizima kikamrukia. Mzee wa watu akainamisha miiba yake. Bi Kanga akamimina nusu iliyobaki. Siku hiyo vifaranga walikula majani ya kunde, kesho yake majani ya kunde, na keshokutwa majani ya kunde.

Siku saba nyingine zikapita. Wingu la kwanza likaonekana, radi ikanguruma kwa mbali. Ndani ya nyumba ya Bi Kanga kulikuwa kumebaki kitu kimoja tu, kibuyu cha mbegu, kimening'inizwa juu ya meko ili moshi ufukuze wadudu. Mbegu haziliwi, jamani. Aliyekula mbegu amekula mwaka ujao, na watoto wake ndani yake.

Bweha hakupanda kichuguu siku hiyo. Alikuja moja kwa moja mlangoni kwake.

“Bi Kanga, mwenye moyo wa dhahabu! Kibuyu kile pale.”

“Kile ni mbegu, Bweha.”

“Wewe unafikiri kupanda, wenzio wanafikiri kaburi?”

Moyo wa Bi Kanga ukakatika. Akakitungua kibuyu. Na kwa mazoea tu, bila kufikiri, akasema, “Kichukue na kibuyu chenyewe. Wakishakula, wakirudishe.”

“Hakirudi, mama. Watatia nini, maskini wale?”

“Jani.”

“Jani hawana.”

Bi Kanga akakirudisha kibuyu kifuani. “Mimi nilipofiwa macho yalivimba sioni njia, na jani nililipata. Umekuja mara mbili, Bweha. Bondeni nzima imetoa. Halikurudi jani hata moja?”

“Jua linakuchwa!” Bweha akabweka. “Wakifa, damu yao iko shingoni mwako!”

“Basi nitapeleka mwenyewe.”

“Njia ina moto!”

“Nitapita pembeni.”

“Njia ina simba!”

“Nitapita juu.”

“Njia ina... ina mwenyewe!”

“Nitapiga hodi.”

Bweha akatazama huku, akatazama kule, akakumbuka kuwa kuna mgonjwa mahali fulani anamsubiri. Hakuaga.

Bi Kanga akawaacha watoto kwa Mzee Nungunungu, akajifunga kibuyu shingoni, akashika njia. Aliogopa. Aliogopa moto, aliogopa simba, na zaidi ya vyote aliogopa kwamba Bweha alisema kweli na yeye amechelewa.

Akapanda, akapanda, akapanda. Moto hakuuona. Alikuta mawe makubwa kuliko nyumba, yamekaa kimya kama wazee barazani. Akapanda tena. Akakuta ukungu ukitembea juu ya ardhi, ukamlowesha madoa yake yote. Akapanda tena, akageuka nyuma. Bondeni yote, nyumba zote, maneno yote ya majirani, vilikuwa vidogo vya kufunikwa na unyoya mmoja. Maisha yake yote alikuwa ameishi chini ya macho ya mlima huu, asijue.

Hapo akasikia sauti za watoto. Walikuwa pimbi wadogo, wanaruka majabalini na kuimba:

*Toeni, toeni, wenye huruma,*
*Yatima wa bonde hawana mama...*

Walipomwona wakapiga kelele. Kikongwe mmoja, Bi Pimbi, akatoka pangoni, mchi ukamponyoka.

“Wewe ni mzimu?”

“Mimi ni Bi Kanga wa Bondeni.”

“Wakubwa wa Bondeni walikufa wote! Mto uliwachukua, wakabaki yatima. Bweha alituambia. Tumetoa mara ya kwanza, tumetoa mara ya pili, na juzi tumetoa mbegu.”

Ni nani kati yenu amewahi kuliliwa akiwa hai? Watu hawa hawakumjua jina wala sura, na walikuwa wamemlilia. Walijinyima kwa ajili ya vifaranga wake, kama yeye alivyojinyima kwa ajili ya watoto hawa wanaoruka mbele yake. Akaketi chini, akalia kwa mshangao na kwa shukrani, na Bi Pimbi akalia naye.

Walipomaliza kulia, Bi Kanga akatazama mtungi wa mbegu wa Bi Pimbi. Mweupe, mkavu, hauna punje. Akafungua kibuyu, akatenga kiganja kimoja katika kitambaa chake. Kilichobaki akakiweka magotini pa kikongwe.

“Yatima sikuwakuta,” akasema. “Lakini wenye shida nimewakuta, na nyumba yao nimeiona.”

Mvua ikashuka siku tatu, mchana na usiku. Kulipokucha, wa mlimani wakamsindikiza, wa bondeni wakaja kumtafuta, wakakutana katikati ya njia. Hapo wakasikia kilio, na safari hii kilikuwa kilio cha kweli.

Palikuwa na pango. Ndani yake Bweha alikuwa amejaza nafaka ya mlimani na nafaka ya bondeni. Maji yalipoingia, nafaka ikavimba, ikachipuka, ikaziba mlango kwa machipukizi meupe, yamesongana kama nywele. Kila kiganja kilichotolewa kwa huruma kilikuwa pale, kinapumua, kimembana Bweha mbavu. Watu wakarudi nyuma. Hakuna aliyecheka.

“Nisaidieni!” Bweha akalia. “Na mimi ni yatima!”

Mzee Nungunungu akamfukua. Walipofika Bondeni, Bi Kanga akampa uji wa nafaka ile katika bakuli, maana njaa yake aliiona kwa macho. “Bakuli langu ulirudishe,” akamwambia.

Bweha akanywa, akakimbia na bakuli.

Mpaka leo hulia mpakani, kati ya mlima na bonde, na hakuna anayetoka na chombo.

Miezi ikapita, mtama ukakomaa. Asubuhi moja Bi Kanga akasikia hodi. Alikuwa pimbi mdogo, amekumbatia kibuyu, na kibuyu kimejaa mtama mpya hadi shingoni. Juu ya mtama palikuwa na jani moja, bichi, bado lina umande wa mlimani.

Basi, wenzangu, toeni, moyo usiote kutu. Ila anayekuhimiza usitazame nyuma, huyo mtazame mara tatu. Ifuate njia ya sadaka yako, na uuone mlango inakoingia.

Nimewaletea hadithi bakulini, mmeila, imekwisha. Bakuli lirudi kwangu, na lisirudi tupu. Kile kiazi kinachoungua pale kando ya moto kitatosha. Na wewe unayesema utaniletea kesho, nyumba yako naijua.