Rangi ya Kijivu Haikupanda Winguni

Haya, sogeeni. Hadithi nyingine huitwa ndipo zije. Hii yangu haikuitwa, imekuja yenyewe kama mgeni wa saa ya chakula, basi mpisheni akae. Mimi shule niliishia pale walimu walipoanza kuchanganya namba na herufi. Nikaona hawa watu hawako sawa, nikaondoka zangu. Lakini kwa kusimulia, kutoka Njombe mpaka Tunduru hajazaliwa wa kuninyang'anya kigoda. Wenye digrii zao hunikuta nasimulia, wakasahau walikokuwa wanakwenda.

Basi palikuwa na mama mmoja Songea, mtaa wa Bombambili, Bi Edeltruda Komba. Kazi yake kukodisha maturubai, viti na masufuria. Ukioa, unamwendea yeye. Mtoto akipata kipaimara, unamwendea yeye. Ukifiwa, hata hujamaliza kulia, mtu wa kwenu yuko mlangoni kwake. Ofisini alikuwa na wafanyakazi watatu, na kila mmoja Mungu alimjalia chake.

Adelhelm alijaliwa macho. Alikuwa anaiona shida ingali tumboni kwa mama yake. Mwonyeshe turubai lililokunjwa, atakuambia tundu liko upande gani.

Redempta alijaliwa vidole. Akiketi kwenye kompyuta husikii herufi moja moja, unasikia mvua juu ya bati.

Desideria, mkubwa wao, alijaliwa kumbukumbu. Mtajie jina la mteja, atakutajia namba yake ya simu, kijiji chake, na shemeji yake aliyekataa kurudisha sufuria mwaka juzi.

Hesabu za Bi Edeltruda zilikaa kwenye jedwali la kompyuta, lile la visanduku visanduku, na mlezi wake alikuwa Desideria. Harusi alizipaka kijani. Vipaimara, njano. Misiba aliipaka kijivu, na kwa kuwa msiba huitwa kwa jina la aliyekufa, msiba wa fulani, basi kwenye kisanduku cha mteja aliandika jina la marehemu. Kijivu maana yake: hapa usidai. Ngoja waanue matanga, watakuja wenyewe. Hakuna mahali palipoandikwa hivyo. Ilikuwa rangi tu.

Tabu ni kwamba jedwali lilikuwa limezaa. Moja liko kwenye kompyuta, jingine kwenye flashi, jingine kwenye simu ya Bi Edeltruda. Moja linaitwa "Hesabu Mpya", jingine "Hesabu Mpya Kabisa", jingine "Hii Ndiyo". Kila moja lina ukweli wake. Jumamosi moja turubai kubwa likaahidiwa bibi harusi wa Mfaranyaki, na likaahidiwa kipaimara cha Lizaboni. Bibi harusi akala pilau juani, poda ikamshukia shingoni kama uji. Mashangazi wa pande zote mbili walimtukana Bi Edeltruda matusi ambayo mimi, pamoja na umahiri wangu, siwezi kuyarudia mbele ya watoto.

Bi Edeltruda akarudi ofisini, akavua viatu, akasema, "Nina beberu nyuma ya stoo. Atakayenitoa kwenye aibu hii, beberu ni wake."

Adelhelm akatumia macho. "Bosi, dawa ni wingu," akasema. Ukisikia wingu usitazame juu! Ni programu ya hesabu inayokaa kwenye kompyuta za watu huko mbali. Ukiandika ofisini, mwenzako aliye njiani na lori anaona hapo hapo kwenye simu. Jedwali moja, halizai. Tena mwenye salio la deni linamkumbusha lenyewe kwa ujumbe, hakuna kupigiana simu; ila hilo Adelhelm alilifunga kifuani, awashangaze wote baadaye. Maneno ya ujumbe akayachagua mwenyewe, matamu ya kumtoa nyoka pangoni. Bila macho ya Adelhelm, wangekuwa wanatukanwa mpaka leo.

Redempta akatumia vidole. Akahamisha mstari baada ya mstari, kutoka jedwali la zamani hadi kwenye programu. Majina yakapanda, tarehe zikapanda, salio likapanda. Rangi hazikupanda, maana wingu halina mahali pa kuweka rangi. Redempta akaligundua hilo, akageuka.

"Dada Desi, hizi rangi zina maana, au ni mapambo?"

Desideria alikuwa anakunja vitambaa vya viti. Jedwali lile alilikuza toka likiwa na mistari ya kuhesabu kwa kiganja kimoja, leo linazikwa bila hata kuulizwa. Akajibu, "Si mmesema wingu linajua kila kitu? Liulizeni."

Wakacheka wote. Redempta akaendelea na kazi. Bila vidole vyake, programu ingekaa tupu kama sufuria la dukani.

Desideria naye akatumia kumbukumbu. Programu iligoma kumpokea mteja asiye na namba ya simu, na namba nyingi hazikuwa kwenye jedwali, zilikuwa kichwani mwake. Basi akanuna, lakini akaketi, akazitaja moja moja, huku Redempta anaandika. Bila kumbukumbu yake, wingu lingekuwa bubu.

Mnaona mizani ilivyokaa? Ndiyo maana nawaambia, msimuliaji ni mimi.

Jumamosi iliyofuata maturubai yalikwenda kila moja kwa mwenyewe, na hakuna shangazi aliyefungua mdomo. Wale watatu wakamwendea beberu.

"Mbuzi ni wangu," akasema Adelhelm. "Wazo lilitoka wapi?"

"Wazo!" Redempta akamcheka. "Kaka, wazo halina jasho. Kazi yote imepita kwenye vidole hivi."

"Mngeandika nini kama si kichwa changu?" akasema Desideria. "Hebu niachieni kamba, mbuzi wangu asije akaumwa na maneno yenu."

Wakiwa hapo, akaingia mzee Gerold. Amevaa koti jeusi, mkononi ana simu imefungwa kwenye kitambaa. Wakamwamkia, "Shikamoo, mzee." Hakuitikia. Gerold ni kaka wa Bi Kunigunda, mjane wa mzee Kandidus Ngonyani, yule aliyekuwa anapuliza tarumbeta kanisani. Kandidus alikuwa amezikwa wiki hiyo hiyo, matanga bado, na viti vya waombolezaji vilikuwa vya Bi Edeltruda.

Gerold akaifungua simu. Ilikuwa ya marehemu.

"Leo imelia," akasema. "Dada yangu hana miwani, akanipa nimsomee. Nikadhani ni rambirambi, nikasoma kwa sauti watu wote wasikie."

Akasoma tena: "Habari Kandidus! Asante kwa kusherehekea nasi. Tunakukumbusha kumalizia salio lako. Tunatarajia kukuona tena hivi karibuni."

Akaishusha ile simu.

"Watu wakainuka kwenye viti vyenu, mmoja mmoja," akasema Gerold. "Wakakaa chini. Viti vimebaki vinatazamana vyenyewe. Dada yangu hakulia. Ananiuliza tu: kaka, wanatarajia kumwona wapi?"

Bi Edeltruda akashika ukuta. Huyo Kandidus ndiye mtu wa kwanza kukodi kwake, siku alipokuwa na turubai moja lenye viraka. "Naenda mwenyewe," akasema. "Naenda sasa hivi."

"Wewe ameshakusamehe. Anasema hukujua lolote. Anamtaka aliyemwandikia mumewe. Mmoja. Kosa likiletwa na watatu, anasema, kila mtu ataleta theluthi, na theluthi yeye hajui kuisamehe. Kesho tunaanua matanga. Baada ya hapo hatapokea neno la mtu."

Gerold akaifunga simu akaondoka. Bi Edeltruda akawageukia watu wake.

"Kwa kosa kama hili mtu haendi mikono mitupu. Mbuzi yupo. Nilimfunga awe tuzo. Sasa aliyestahili tuzo ndiye atakayemkokota kwenda kuomba msamaha. Haya, semeni upya. Nani alifanya kazi kubwa kuliko wenzake?"

Lo! Ningekuwa na kamera ningewauzia zile nyuso.

"Mimi nilitoa wazo tu," akasema Adelhelm. "Wazo halina jasho, mwenyewe Redempta amesema."

"Mimi ni vidole," akasema Redempta. "Kidole kinaandika kinachoambiwa."

"Mimi mnajua," akasema Desideria, "hilo wingu sikulitaka tangu mwanzo."

Kamba ikaachwa chini. Beberu akaila kidogo, akaona haina ladha.

Wakaenda makwao kila mtu na njia yake. Lakini hatia, ndugu zangu, haina adabu ya mgeni: haisubiri kukaribishwa. Ilikula nao, ikanawa nao, na kulipokucha ikawaamsha. Adelhelm akafika stoo akiwa wa kwanza, akashika kamba. Hajapiga hatua, Redempta huyo. Desideria naye nyuma yake, khanga kichwani, macho yamevimba.

"Niachie, kaka," akasema Redempta.

"Siachi. Ujumbe ule niliutunga mimi. Neno 'tena' nililiweka mimi, nikajisifu. Nilijua programu itamwandikia kila mwenye salio, sikutazama ni nani na nani. Mimi ninayeona tundu kwenye turubai lililokunjwa! Sikutazama."

"Wewe hukuliona jina lake. Mimi nililiandika," Redempta akasema. "Kandidus Ngonyani. Nilikuwa kwaya siku ya mazishi yake, kaka. Nimemwimbia, nimetupa udongo, kisha nikaja ofisini nikaandika jina lake kwenye orodha ya wateja kama mtu aliye hai. Vidole havikusita hata kidogo."

Desideria alikuwa ameshika pembe ya beberu, anaikandakanda.

"Nyie hamkujua maana ya kijivu," akasema. "Mimi nilijua."

"Dada, hukujua kama programu inatuma ujumbe yenyewe."

"Sikujua. Lakini uliniuliza, Redempta. Uliniuliza vizuri, kama mtoto anavyomuuliza mkubwa, nikakujibu kwa kijembe. Kisha nikakutajia namba ya Kandidus kwa majivuno, bila kuisoma popote. Na Kunigunda ni somo yangu. Ndiye aliyenishika bega siku ya kipaimara changu."

"Ulikuwa na uchungu, dada. Kazi yako ulinyang'anywa, nikapewa mimi."

"Uchungu! Kwani wangu ni mkubwa kuliko wa Kunigunda?"

Lakini hakuna aliyeachia kamba. Wakaondoka hivyo hivyo, mikono mitatu kwenye kamba moja, beberu akiwavuta kulia na kushoto. Waliokutana nao njiani walidhani wanakwenda harusini.

Wakafika. Uani turubai limeshaanuliwa, wanawake wanafagia majivu, viti vimepangwa ukutani. Wakasimama mbele ya mlango. Desideria akabisha.

Ndani sauti ya Bi Kunigunda ikauliza, "Nani?"

Wote watatu wakafungua mdomo, na wote watatu wakakumbuka: mmoja tu.

Hapo naishika hadithi yangu kwa mkia, nawageukia nyinyi. Mmoja alijua ujumbe utakwenda, hakujua kuna marehemu kwenye orodha. Mmoja aliandika jina la mtu aliyemwona akifukiwa, hakujua maana ya rangi. Mmoja alijua maana ya rangi, hakujua kama kuna ujumbe. Theluthi moja ya kujua kwa kila mtu, na zikikutana zinakuwa kosa zima. Mimi fundi wa maneno nimejaribu kuzipima, mizani inanicheka. Na usiniambie waingie wote, mjane ameshakataa. Usiniambie warudi nyumbani, matanga yanaanuliwa.

Je, wewe hapo, kamba ungemwachia nani? Sema upesi. Bi Kunigunda ameshainuka, anakuja kufungua.