Mtani Aliyegoma Kutoka Kaburini

Usinikunjie pua kabla sijaanza. Wewe juzi uliamini kwamba popo ameongea Kiswahili, kwa sababu tu mtu alikutumia na akaweka vikatuni vinavyolia. Hili la kaburi ndilo utasema limetungwa? Kaa chini usome. Aliyechoka akalale, hakuna aliyemfunga kamba.

Kijiji kimoja cha mlimani kilikuwa na vyama viwili, Kengele na Mwavuli. Vyama vilikuwa vingi, lakini vingine viliishia kwenye karatasi ya kura. Wakati wa kampeni watu waligawana kila kitu. Waligawana vilabu vya pombe, wakagawana mabenchi ya kanisani. Mama mmoja wa Kengele alikuwa akipita mashine ya kusaga iliyo jirani na mlango wake, anabeba mahindi kichwani mpaka kijiji cha pili, kwa kuwa mwenye mashine amevaa kofia ya Mwavuli.

"Unga wao siutaki," anasema. Kana kwamba mahindi hayakuwa yake mwenyewe.

Watu wa Kengele walisema Mwavuli wote ni wezi, wamekula mbolea ya wakulima. Watu wa Mwavuli walisema Kengele wote ni vibaraka, wanataka vita, wakishinda watachoma shule. Wote. Hawakubakiza hata mmoja, wala vikongwe wasioona.

Uchaguzi ukapita. Mabango yakachanika kwa mvua, lakini watu hawakurudiana. Kila mmoja alikuwa na simu yake, na simu haikujua kwamba kampeni zimekwisha.

Ndipo akafa Mzee Kobelo, mwenyekiti wa Mwavuli. Kifua kilimbana alfajiri, na kabla jua halijatoka mkewe, Bi Veneranda, alishamfunga kidevu kwa kitambaa.

Sasa nisikilize vizuri, maana siku hizi mmesahau. Pale kijijini kila ukoo una watani wake. Mtani anakutukana mchana kweupe mbele ya wakwe zako, na huna ruhusa ya kukasirika. Lakini siku ukifa, yeye ndiye anayechimba kaburi lako. Ndugu hawachimbi, ndugu kazi yao kulia. Kaburi lililochimbwa na ndugu ni aibu, maana yake uliishi vibaya hata ukakosa wa kukutania.

Na mtani wa Mzee Kobelo alikuwa nani? Mzee Lukoa, mwenyekiti wa Kengele. Wazee hao wawili walikuwa wamevuana nguo majukwaani mwaka mzima. Vipaza sauti vilikauka kabla yao.

Mpwa wa marehemu, kijana anaitwa Pangrasi, alikuwa kiongozi wa vijana wa Mwavuli. Alisimama uani akasema, "Kaburi tutachimba wenyewe."

"Ndugu hawachimbi," Bi Veneranda akamjibu.

"Mambo ya kale hayo, mama. Mjomba hawezi kuchimbiwa na watu waliotaka afe."

"Basi atalala hapo sebuleni. Na wewe utalala naye."

Akaingia ndani kwa marehemu wake. Nje joto lilikuwa linapanda, na juu ya mlima wingu jeusi lilikuwa limekaa kama mtu aliyekuja kudai. Udongo wa kijiji kile ni mwekundu, laini. Kaburi likiingiwa na maji kabla ya kufukiwa, kuta zinabomoka, na jeneza linaelea kama gogo. Bi Veneranda alikuwa ameliona jambo hilo kwa mama yake mzazi. Hakutaka kuliona mara ya pili. Alichotaka siku hiyo ni kimoja tu: mumewe alazwe pakavu, na mikono inayostahili.

Saa nne simu zikaanza kulia mifukoni. Ilitumwa picha. Watu wa Kengele wanatoka uani kwa Mzee Lukoa, wana mapanga na majembe na kamba. Chini yake kumeandikwa: *Kengele wanakuja kuvunja msiba. Jihadharini.*

Picha ilikuwa ya kweli kabisa. Kaburi hulichimbi kwa kijiko. Lakini Pangrasi hakuuliza. Vijana wake wakaangusha magogo njiani pale karibu na kijito, wakarundika na mawe.

Na huko njiani upande wa pili simu nazo zikalia: *Mwavuli wamefunga njia. Wana mawe. Wamesema Kengele hapiti.* Hiyo nayo ilikuwa kweli. Basi vijana ambao hawakuwa na habari na kaburi wakachukua mapanga yao, wakakimbia kuwafuata wenzao. Walioanza safari walikuwa wachimba kaburi. Waliofika kwenye kijito walikuwa jeshi.

Wakasimama, hawa huku na hawa kule, magogo katikati. Hakuna aliyekuwa anatulia. Huyu anahamisha panga mkono wa kushoto, yule anatema mate, mwingine anajikuna pasipowasha.

Mbele ya Kengele alikuwa Mzee Lukoa mwenyewe. Na alivaa nini? Kofia ya Mwavuli. Kaigeuza nyuma mbele, kajifunga shuka kiunoni kama alivyokuwa akijifunga marehemu, na anachechemea mguu wa kulia kama alivyokuwa akichechemea marehemu. Vijana wake wenyewe walikuwa wamenuna njia nzima kwa sababu ya ile kofia.

"Simama hapo hapo!" Pangrasi akapiga kelele.

"Nimesimama. Maiti wenu yuko wapi, yule mbishi?"

"Nini?"

"Mbishi. Kabishana na daktari, kabishana na dawa, sasa nasikia yuko mlangoni kwa Mungu anabishana na mlinzi."

"Anamkashifu mjomba!" Pangrasi akaokota jiwe. "Mmesikia wenyewe! Anamkashifu hajapoa!"

Mapanga ya upande wa pili yakanyanyuka. Hapo ilibaki mtu mmoja tu apige chafya.

Kilichosikika ni kicheko. Bi Veneranda alikuwa amefuata kelele, kanga kiunoni, peku. Alicheka kicheko kibaya cha puani, chenye makamasi, kicheko cha mtu ambaye tangu alfajiri hajapata pa kuweka kilio chake.

"Hata usingizini alikuwa anabisha," akasema. "Unamwambia geuka unakoroma, anakwambia sijalala. Karibu, mtani. Umechelewa."

"Nimecheleweshwa na magogo ya mpwa wako."

"Pangrasi, tupa hilo jiwe. Na nyie mlio na mapanga, kazi ya panga leo ni kukata mizizi. Asiyeweza arudi kwao."

Magogo yakatolewa nusu, kiasi cha mtu kupita. Kengele wakachimba. Mwavuli wakasimama kuwazunguka, wamefunga mikono, kama polisi wanaolinda wafungwa. Hakuna aliyempa mwenzake maji. Na wingu lilikuwa limeshashuka nusu ya mlima.

Kaburi likaisha, jeneza likaletwa. Ndipo Mzee Lukoa akaruka ndani ya shimo, akalala chali, akaweka mikono kifuani.

Huo nao ni utani. Mtani hulala kaburini, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Akipewa anatoka, watu wanacheka kidogo, wanazika. Jogoo akaletwa, kafungwa miguu.

"Simtaki," sauti ikatoka shimoni.

"Mtani, mvua," akasema Bi Veneranda.

"Naiona. Niko chali. Jogoo simtaki, nataka tusi."

Watu wakatazamana.

"Mwaka mzima hawa vijana wa Mwavuli wananitukana," Mzee Lukoa akasema. "Sijapata hata tusi moja la kwangu. Yote ni ya jumla, kama nguo za msaada. Nipeni langu, nitoke."

"Kibaraka!" mmoja akarusha.

"Wa nani? Mtaje. Nami nikamsalimie, sijawahi kumwona."

"Mwizi wa kura!"

"Siku ya kura nilikuwa naharisha. Jirani yangu huyo hapo ni Mwavuli, muulizeni alivyokosa usingizi."

Yule jirani akatazama chini. Ilikuwa kweli.

"Gaidi!"

"Mimi? Huyo jogoo nikimchinja nafumba macho. Hayo mnayasoma. Nataka mliloliona."

Kijana mmoja wa Kengele, anaitwa Faustini, akaanza kucheka kwa nguvu. Mzee Lukoa akamkatisha kutoka chini.

"Wewe Faustini unacheka nini? Ulimwita marehemu mwizi wa mbolea, ukaandika kwa herufi kubwa. Ulimwona nayo wapi?"

Faustini akarudi nyuma ya wenzake.

"Zamu yako inakuja. Kaa mkao."

Tone la kwanza likaangukia jeneza. Ubao ukalia *to*. Likafuata la pili. Bi Veneranda hakulia wala hakubembeleza. Alimgeukia mpwa wa mumewe.

"Pangrasi. Mjomba wako analowa. Mpe mtu tusi lake."

Pangrasi jasho lilikuwa linamtoka, ingawa mtu mwenye maneno kama yeye hamjapata kumwona. Kwenye simu alikuwa mwamba. Hapa alijifuta uso, akajifuta tena. Mvua ikaongeza mwendo, na kipande cha udongo kikamong'onyoka ukutani, kikamwangukia Mzee Lukoa begani. Mzee hakujitikisa.

"Unanuka ugoro!" Pangrasi akalipuka.

"Nani mzee hapa hanuki ugoro?"

"Wewe zaidi! Najua mimi! Nilipogongwa na nyoka ulinibeba mgongoni mpaka zahanati, pua yangu iko shingoni mwako njia nzima. Ugoro wako ulinichoma kuliko sumu! Na ulikuwa unaimba!"

"Nilikuwa naimba?"

"Vibaya! Wimbo mmoja, huo huo, kama mbuzi aliyekwama kwenye ua. Mimi naumwa, na wewe unaimba. Nikawa naomba nife tusifike kwenye ubeti wa mwisho!"

Vijana wa Mwavuli walikuwa wanamtazama kiongozi wao kama mtu aliyevua suruali mbele yao, maana ni yeye mwaka mzima aliyewaambia kwamba Kengele hawana utu hata mmoja.

Kutoka shimoni ikaja sauti ya mzee, taratibu, imeridhika.

"Eee. Huyo sasa ni mimi. Nivute."

Pangrasi akapiga magoti ukingoni, akampa mkono, akamvuta. Mzee alikuwa mzito. Ikabidi Faustini aje kusaidia, amshike mpwa huyu wa adui kiunoni wasije wakaingia wote watatu. Na alipokuwa kamshika hivyo, Bi Veneranda akamwambia, "Na wewe hujatoa lako."

Faustini akakaza mikono kiunoni mwa Pangrasi. "Marehemu..." akasema, "marehemu alikuwa refa wetu wa mpira, na maisha yake yote hakuona ofsaidi hata moja. Goli la mkono alilikubali. Alikuwa anatazama ndege."

"Alikuwa anatazama ndege," Bi Veneranda akaitikia. "Nilimwambia. Akabisha."

Hapo ndipo walipocheka wote, upande huu na ule, na wakati wanacheka wakashika kamba, huyu wa Kengele na huyu wa Mwavuli, kwa sababu mvua haikuwa inauliza kadi ya mtu. Jeneza likashuka chini pakiwa bado pakavu. Majembe hayakutosha, wengine wakasukuma udongo kwa mikono. Mvua kubwa ilipofika, ilikuta tuta.

Msinitegemee niseme kwamba walikumbatiana. Hakuna aliyehama chama. Uchaguzi uliofuata walirushiana maneno tena, na yule mama bado anabeba mahindi yake mpaka kijiji cha pili, shingo imepinda. Kuna watu hata Mungu amewaacha walivyo.

Ila wiki ile ile ya mazishi simu zililia tena mifukoni mwa Mwavuli: *Kengele wana mpango mbaya, jihadharini.* Pangrasi akaandika chini yake: *Nani? Mtaje kwa jina. Na useme ulimwona wapi.*

Hakuna aliyejibu. Mpaka leo.

Funzo: Kabla hujamtukana mtu wa upande wa pili, tafuta tusi ulilolipata kwake kwa macho yako mwenyewe. Ukilikosa, ujue humjui. Unachukia picha tu, na picha haitakuja kukuchimbia kaburi.

Mtumie yule uliyemfuta kwenye simu yako. Wa chama chako usimsumbue, huyo anakubali kila kitu. Na wewe uliyeanza kutikisa kichwa tangu mstari wa kwanza, endelea kutikisa. Kiti nimekuachia, mimi natoka, na mlango huu naufunga.