Klachi ya Bwana Moriwaki

Kitu kilicho mvunguni mwa kitanda hakitoki kwa kuitwa. Bwana Moriwaki Tetsuo wa mji wa Takasaki alikiita chake miaka nenda rudi.

Kila Jumapili, wapenzi wa magari ya kasi walipokutana chini ya Mlima Haruna, sauti iliyotawala ilikuwa yake: gari lisilo na klachi si gari, ni lifti yenye magurudumu. Alizunguka akikusanya sahihi ili kiwanda kisiache kutengeneza gia za mkono. Aliyetaniwa naye zaidi ni Uehara Chinatsu, mwanamke kijana mwenye kigari cha otomatiki. "Dada, cherehani yako umeitia mafuta?" Chinatsu alitabasamu tu, akaendelea kunywa kahawa yake ya kopo.

Kiwanda kikasikia. Kikatoa magari machache ya mwisho ya gia za mkono, yakachezewa bahati nasibu na waliotia sahihi, na bahati ikamwangukia Moriwaki. Wenzake walimpongeza mpaka akatamani ardhi immeze, maana alijua wasilolijua: leseni yake ilikuwa ya otomatiki tu, na kila Jumapili alikuja kwa basi akisingizia gari lake liko gereji. Aliichukua ujanani kwa kuwa ilikuwa rahisi, akisema kamili, ya gia za mkono, ataifuata baadaye. Baadaye hiyo haikufika. Muuzaji naye akamwambia wazi kuwa asipoleta leseni kamili kabla ya mwezi kwisha, gari linakwenda kwa anayefuata.

Basi hakupata hata lepe la usingizi. Mwezi wa Machi shule za udereva hufurika vijana waliomaliza sekondari; ilibaki nafasi katika shule moja tu, na mwalimu wake ndiye Chinatsu. Lahaula! Kumbe anayefundisha klachi kutwa, Jumapili hutaka kupumzisha mguu. Moriwaki alifika langoni, akageuka. Kesho yake akafika tena, akajifanya anasoma tangazo, akageuka. Mwezi ulikuwa ukiyoyoma.

Mwishowe aliingia. Mbele ya vijana wote akainama mpaka tai ikaning'inia, wala hakuinuka.

"Mwalimu, nilikukejeli, kumbe mimi mwenyewe sijui. Naomba unifundishe."

Chinatsu akamwacha kwanza ainame. Ilikuwa haki yake.

"Inuka, Bwana Moriwaki. Cherehani yenye klachi iko nje, inakungoja."

Gari likamzimikia, likamzimikia tena, vijana wakicheka hadi kushika mbavu. Alishuka shati limelowa jasho. Hata hivyo akarudi kesho, na keshokutwa, mpaka akafaulu mtihani, na ufunguo akaupata siku ya mwisho kabisa.

Jumapili iliyofuata aliingia na gari lake jipya katika uwanja wa chini ya mlima, wenzake wakimpigia makofi. Gari likazimika katikati yao. Zamani angesingizia betri. Alishuka, akainama tena, safari hii kwa wote, akasema leseni yake kamili haijamaliza wiki, na mwalimu wake ndiye yule pale mwenye kahawa. Kisha akarudi garini, akakanyaga klachi, akaondoka taratibu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.