Fahali wa Ghala la Pamba

Hapo zamani, mpira ulipokuwa bado mgeni nchini na refa akichezesha na tai shingoni, Chuo cha Ualimu kilicheza na Chuo cha Kilimo. Desturi ya huko ilikuwa hii: fahali wa zawadi hapewi timu. Anapewa mtu mmoja, na watazamaji ndio wanaomchagua kwa kelele zao.

Nkwabi, golikipa wa Ualimu, alimtaka fahali yule kufa na kupona. Baba Limi, mzazi wa mchumba wake, alikuwa amesema waziwazi: mahari imebaki fahali mmoja, na Jumapili ikifika bila fahali huyo, Limi anaolewa kwingine.

Uwanja haukuwa na jukwaa. Nyuma ya lango la Nkwabi palikuwa na ghala la pamba, paa lake limeoza. Lugwisha, mlinzi, aliagizwa aihamishe pamba yote na asiruhusu mtu kupanda juu. Pamba hakuigusa. Paani akapanda yeye wa kwanza, akachagua pahali pazuri, na watu wakamfuata, hata Baba Limi. Katikati yao aliketi Mama Kabula, mzazi wa Nkwabi, na mwavuli wake.

Kilimo wakapata kona. Basi washabiki wa Ualimu, adui akipiga kona, hupiga miguu chini ili kumtisha.

"Pigeni miguu!" akaamrisha Mama Kabula.

Wakapiga. Paa likalia kraa! Likaingia ndani na watu wake wote.

Nkwabi akasikia mama yake akipiga yowe. Akauacha mpira hewani, akaliacha lango, akakimbilia ghalani. Vumbi la pamba lilikuwa likiwaziba watu pumzi. Akainua boriti, akamvuta Baba Limi, akamvuta mwingine, huku hofu imemjaa, mpaka akamfikia mama yake, mweupe utosi hadi kucha.

"Mama! U mzima?"

"Nani yuko golini?" akauliza mama.

Golini hapakuwa na mtu. Shija wa Kilimo alikuwa ameshafunga, na refa, ambaye hakuona kwa nini asimamishe mchezo kwa jambo lililotokea nje ya mistari, alilikubali bao.

Hakufa hata mmoja. Wengine waliteguka mikono, wengine walichanika nguo. Fahali akaletwa, ubishi ukaanza.

"Nimefunga mimi," akasema Shija. "Kazi ya mshambuliaji ni kufunga, si kutazama majengo."

"Nami nimewaokoa," akasema Lugwisha, akitema pamba. "Ningetii amri, mngeangukia sakafu. Uvivu wangu ndio uliowaponya!"

"Uvivu wako ungefaa nini bila mimi?" akasema Mama Kabula. "Paa lilikuwa bovu, lingeanguka tu. Mimi nimeliangusha siku ambayo pamba ipo."

Nkwabi akaonyesha viganja vilivyochubuka. "Jamani, boriti ile ilijiinua yenyewe? Mama, niliacha goli kwa ajili yako!"

"Ndiyo aibu yenyewe. Aliyeacha goli haoi kwa fahali wangu."

Nkwabi akamgeukia Baba Limi, machozi yakimtoka.

"Umeniokoa, mwanangu, nashukuru sana," akasema mzee, akijikung'uta. "Lakini mahari ni mahari."

Watu wakapiga kelele, majina manne kwa pamoja, hakuna lililolizidi jingine. Refa akachoka, akaishika kamba ya fahali, akaielekeza kwenu nyinyi mnaonisikiliza.

Je, nani alimstahili?