Wakazi wa Tumbo la Kidoa

Paukwa!

Pakawa!

Mpo?

Tupo, na masikio yetu tumekuja nayo.

Basi sogeeni motoni, mama wenye watoto wakae upande usio na moshi. Hadithi ya leo si ya kuchekesha. Niliipokea kwa watu waliokuwa wakiisimulia kwa sauti ya chini, nami nitaisimulia hivyo hivyo.

Hapo kale, kabla ya mababu wa mababu zetu, kulikuwa na nchi kavu kando ya ziwa la magadi. Maji ya ziwa lile hayanyweki. Ukiyatia kinywani ulimi unawaka. Nyuma ya ziwa kulikuwa na chemchemi zilizotokota mchana na usiku bila kuni, na nyuma ya chemchemi mlima mweusi wenye pango. Watu wa huko walikuwa wafugaji. Mvua ikagoma. Ikagoma tena, ikagoma tena. Watu wakaswaga mifugo yao kwenda kusini, wakaenda, wakaenda, wakaenda, mpaka vumbi lao halikuonekana tena.

Wakabaki wanawake wawili tu.

Mmoja aliitwa Minza, mwingine Nkwimba. Walikuwa wameolewa na mume mmoja, na mume yule alikuwa amekwisha kufa. Minza ndiye aliyekuwa mke mkubwa. Alibaki kwa sababu hakutaka kuliacha kaburi la mwanawe. Nkwimba alibaki kwa sababu ya binti yake mchanga, Limi, aliyekuwa dhaifu mno kwa safari. Minza alikuwa na maksai mmoja mzee. Nkwimba alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, jina lake Kidoa. Nyumba zao zilitazamana, lakini wenyewe hawakusalimiana. Sababu ipo, msinikimbize.

Matiti ya Nkwimba yalikuwa yamekauka kwa njaa. Limi aliishi kwa maziwa ya Kidoa.

Siku moja Nkwimba alikwenda kuchimba maji kwenye mchanga wa mto uliokufa. Huku nyuma Kidoa akasikia harufu ya mtama ghalani. Ulikuwa mtama wa mbegu, wa mwisho. Akauvunja mlango, akala, akala, akala, hata hakubakiza punje.

Nkwimba aliporudi alimkuta amelala, tumbo limejaa kama ngoma, macho yameingia ndani. Akapiga magoti, akaweka sikio ubavuni. Siku zote tumbo la Kidoa lilinguruma kama mvua iliyo mbali. Sasa kimya.

"Kidoa wangu, umefanya nini?"

"Mama Limi," akasema Kidoa, "tumboni mwangu mlikuwa na wakazi."

"Wakazi gani?"

"Wadogo kuliko vumbi. Ulidhani majani nayala mimi? Mimi natafuna na kumeza tu. Wanaoyala ni wao, humo gizani, na mimi naishi kwa kile wanachoniachia. Mtama niliokula umechacha, tumbo limegeuka siki, na wao wamekufa. Sasa hata ukinipa majani mabichi, yatakaa humu kama mkeka uliokunjwa. Nitakufa nimeshiba."

Nkwimba akamtazama mtoto mgongoni. Limi hakuwa analia, na hilo ndilo lililomtisha.

"Wakazi wengine nitawapata wapi?"

"Wadogo wako kila mahali ambapo wewe huwezi kukaa," akasema Kidoa, akafumba macho. "Kawaulize."

Nkwimba akakaza mbeleko, akaondoka. Akafika ziwani. Pembeni, maji yalikuwa mazito, ya kijani kama majani ya kunde yaliyosagwa, na jua likiyachoma. Akainama, akaimba:

*Wadogo, wadogo msioonekana,*
*tumbo la Kidoa limenyamaza.*
*Nani atakuja akae humo?*

Sauti zikatoka majini, nyembamba kama mchanga unaomwagika. "Tumekusikia, mama. Lakini sisi chakula chetu ni jua. Mwanga ukitugusa, tunashiba. Chumvi hii inayokuunguza wewe ndiyo nyumba yetu. Tumboni mwa ng'ombe kuna jua?"

"Hakuna."

"Basi ungetuzika tukiwa hai. Endelea mbele."

Nkwimba akaendelea, akafika kwenye chemchemi. Maji yalitokota, na mvuke ulinuka kama yai viza. Akamfunika Limi uso kwa kanga, akaimba:

*Wadogo, wadogo msioonekana,*
*tumbo la Kidoa limenyamaza.*
*Nani atakuja akae humo?*

"Tumekusikia, mama," zikajibu sauti kutoka kwenye maji yaliyochemka. "Sisi hatulijui jua wala hatulihitaji. Tunakula huo mvuke unaokuziba pua, unaopanda kutoka chini ya nchi. Tumboni mwa ng'ombe kuna joto?"

"Kuna. Joto la mwili."

"Joto la mwili kwetu ni baridi ya kifo. Endelea mbele."

Nkwimba akataka kukaa chini. Mgongoni alihisi pumzi ya mtoto inakuja, inakatika, inakuja. Hakukaa. Akapanda mlima mweusi, akaingia pangoni, mahali ambapo jiwe lilikuwa na kutu nyekundu kama damu iliyokauka. Safari hii hakuwa na sauti ya kuimba, alinong'ona:

*Wadogo, wadogo msioonekana,*
*tumbo la Kidoa limenyamaza.*
*Nani atakuja akae humo?*

Pango likajibu polepole. "Tumekusikia. Sisi tunakula jiwe. Tunakula kile chuma kilichomo ndani yake, kidogo kidogo. Tangu bibi yako azaliwe hatujamaliza unene wa ukucha. Mtoto wako anaweza kutungoja?"

Hapo Nkwimba akalia. "Hawezi! Kila mmoja ana mlo wake na nyumba yake. Anayekula majani gizani yuko wapi?"

"Tumbo la ng'ombe halina mwanga wala hewa," likasema pango. "Walioumbiwa humo hawakai mahali pengine popote. Upepo ukiwapiga wanakufa. Usiwatafute majini wala maweni. Mtafute ng'ombe anayecheua."

Nkwimba akasimama pale mlangoni pa pango, akaitazama nchi yote chini yake. Nyeupe, tupu. Kule mbali, mbele ya nyumba moja, aliona kitu cheusi kimesimama. Alikijua. Alikuwa maksai wa Minza, na alikuwa anacheua.

Sasa nitawaambia ile sababu.

Mwanzo wa ukame ule, mtoto wa Minza aliugua, na maksai hakamuliwi. Asubuhi moja Minza alivuka uwanja, akasimama mlangoni kwa Nkwimba, akaomba maziwa. Nkwimba alikuwa na mimba ya Limi. Aliogopa. Akasema, "Dada, leo hayakutosha." Yalikuwapo. Minza alijua yalikuwapo, maana povu lilikuwa bado halijatulia. Akageuka, akarudi kwake. Mtoto hakumaliza juma la pili, kama tunavyohesabu sisi leo, na tangu siku ya mazishi Minza hakulitaja jina lake mbele ya mtu.

Huyo ndiye aliyepaswa kuombwa.

Nkwimba akashuka mlima. Kila hatua alitafuta neno la kuanzia, na kila neno lilimwishia mdomoni. Alipofika uwanjani, Minza alikuwa ameketi kizingitini, akichambua mizizi ya porini.

"Shikamoo, dada."

Minza hakuitika.

"Dada, Kidoa anakufa. Tumbo lake limenyamaza. Naomba majani anayocheua maksai wako. Tonge tu."

Minza akaendelea kuchambua. "Mtoto yukoje?"

"Halii tena."

Mikono ya Minza ikasimama. "Wa kwangu naye aliacha kulia," akasema. "Nikadhani amepata nafuu."

Nkwimba akapiga magoti vumbini. "Maziwa yalikuwapo, dada. Nilikudanganya."

"Unafikiri sikujua?"

"Nilijua unajua. Sikuwahi kulisema."

Maksai akaacha kutafuna, akageuza kichwa chake kikubwa. "Minza," akasema, "mimi sipungukiwi. Wadogo wangu huzaana upesi. Watoe konzi sasa, na jua litakapozama pengo limeshajaa."

"Wewe nyamaza," akasema Minza. "Hukuzika mtu."

Akainuka. Akaingia ndani, na mlango ukafungwa. Nkwimba akabaki palepale amepiga magoti, hakujua kama ameshajibiwa. Akamhisi Limi mgongoni, mwepesi kama kitambaa. Halafu mlango ukafunguliwa, na Minza akatoka na kamba mkononi.

"Sikusamehe," akasema. "Tusielewane vibaya. Siki haijatoka tumboni mwa ng'ombe wako, na wageni ukiwatia kwenye siki watakufa kama wenyeji. Nenda ziwani ukalete magadi ya kuizima. Kimbia. Mtoto niachie."

Nkwimba akasita. Kumwacha mtoto wake kwa mwanamke yule! Akaifungua mbeleko, akampa.

Akakimbia, akakwangua magadi ufukweni, akarudi. Akamkuta Minza amekwisha kumvuta maksai mpaka kwa Kidoa, kwa sababu wadogo wale hawachukuliki njiani. Limi alikuwa kifuani mwa Minza, amefungwa kwa nguo yake. Wakakoroga magadi kwenye maji, wakamnywesha Kidoa. Akapiga mbweu moja, nyingine, nyingine, na harufu ya uchachu ikatoka. Wakangoja tumbo lilegee. Ndipo Minza akatia mkono ndani ya kinywa cha maksai mpaka kwenye kiwiko, akatoa tonge la kijani lenye mvuke, na kabla upepo haujaligusa akalisukuma kooni mwa Kidoa. Akafanya hivyo tena, na tena.

Kulipokucha walirudia. Walirudia kila siku, na Nkwimba alimlowesha Limi midomo kwa uji wa mizizi ya Minza, ili asiondoke.

Mpaka asubuhi moja Kidoa akainua shingo. Kitu kikapanda kooni mwake. Akaanza kutafuna.

"Wamefika?" akauliza Nkwimba.

"Wamefika," akasema Kidoa. "Wanakula."

Maziwa ya kwanza yalikuwa kidogo, hayakufunika kiganja. Nkwimba aliyakamua, kisha hakumpa mtoto. Alimpa Minza chombo, na mtoto akampa vilevile.

Minza akaketi chini. Akamwinua Limi kichwa, akamtilia tone. Mtoto akalilamba. Akamtilia lingine. Mtoto akafungua macho, akashika kidole cha Minza kwa nguvu zake zote ndogo, akanywa.

"Alikuwa akiitwa Ngasa," akasema Minza.

"Najua, dada."

"Najua unajua. Nataka kulitaja."

"Litaje."

"Ngasa," akasema Minza. "Ngasa. Ngasa wangu." Machozi yakamtoka, na hakuyafuta, maana mikono yake yote miwili ilikuwa inamnywesha mtoto.

Mvua ilikuja baadaye, na watu wakarudi. Na hadithi yangu imefika ukingoni. Mimi nanyamaza, ninyi itunzeni.